Je, Wajua? Tarehe Zinavyoitoa Kompyuta Jasho

Kalenda ya ukutani haina makuu: miezi kumi na miwili, siku 30 au 31, na Februari na ukaidi wake. Lakini ikabidhi kompyuta kalenda hiyo hiyo uone vituko. Tumekukusanyia baadhi ya vituko hivyo, na ukivisoma vyote utagundua kuwa vingi vina mzizi mmoja: lugha ya programu iliyoulizwa swali lisilo na jibu moja, ikaona heri ikisie kimyakimya kuliko kukataa.

MWEZI WA SIFURI

1. Je, wajua kwamba katika JavaScript Januari ni mwezi wa 0 na Desemba ni mwezi wa 11? Siku, kwa upande wake, zinaanzia 1 kama kawaida. Ukiandika new Date(2025, 1, 30) ukidhani umetaja 30 Januari, kumbe umeomba 30 Februari. Lugha haikuulizi wala haikukemei. Inazihesabu zile siku mbili za ziada na kukupa 2 Machi 2025.

2. Je, wajua mtindo huo ulitoka wapi? Brendan Eich wa Netscape aliunda JavaScript ya kwanza kwa siku 10, mwezi Mei 1995, na sehemu ya tarehe ikanakiliwa kutoka Java. Java nayo ilifuata nyayo za lugha ya C, ambayo huhesabu miezi 0 hadi 11 na kuandika mwaka kama idadi ya miaka iliyopita tangu 1900. Leo kurasa nyingi mno za intaneti zinategemea hesabu hiyo, kwa hiyo haigusiki. Dawa imekuwa kujenga upya pembeni: mfumo mpya uitwao Temporal, ambao Januari yake ni 1, ulianza kuingia kwenye kivinjari cha Firefox mwaka 2025.

3. Je, wajua kwamba Java ilitoka Januari 1996, lakini ikasubiri hadi Machi 2014 kupata tarehe za kuaminika? Stephen Colebourne, aliyekuwa ameandika maktaba ya Joda-Time, alikuwa kinara wa kazi hiyo. Matunda yake ni LocalDate: mwaka, mwezi na siku, basi. Haina saa wala haijui uko nchi gani, na ikishaundwa haibadiliki. Ukiiomba 29 Februari 2023, inakataa katakata.

4. Je, wajua kwamba C# ilipata aina ya tarehe isiyo na saa mwaka 2021 tu? Maktaba ya msingi ya Go haina hata leo. Ukiandika 32 Oktoba katika Go, unapewa 1 Novemba bila neno. Mwongozo wake unalieleza hilo waziwazi, kwamba ndivyo ilivyokusudiwa.

TAREHE NI KITU KIMOJA, SAA NI KINGINE

5. Je, wajua kwa nini tarehe ya kuzaliwa uliyoijaza kwenye fomu ya mtandaoni huweza kurudi nyuma siku moja? Tazama inavyotokea. Mtu yuko Dar es Salaam, anachagua 10 Machi. Programu haina mahali pa kuweka tarehe tupu, basi inaihifadhi kama saa sita kamili ya usiku, 10 Machi, kwa saa za Afrika Mashariki. Ikifika wakati wa kuituma kwenye seva, inaigeuza kuwa saa za UTC, yaani saa za rejea za dunia, zilizo nyuma kwa saa tatu. Saa sita usiku inakuwa saa tatu usiku wa jana yake, yaani 9 Machi. Seva inachukua tarehe, inatupa saa, na mtu amezeeka kwa siku moja. Hakuna aliyekosea kuandika. Kosa ni kuigeuza tarehe kuwa saa, maana aliyezaliwa 10 Machi amezaliwa 10 Machi hata akihamia Toronto.

6. Je, wajua kwamba kuna siku ambazo hazikuwa na saa sita ya usiku? Brazili ilipokuwa bado inasogeza saa mbele kila mwaka, ilifanya hivyo usiku wa manane. Mjini São Paulo, 4 Novemba 2018 ilianza moja kwa moja saa saba usiku. Programu iliyoamini kwamba kila tarehe huanza saa sita kamili ilitafuta dakika ambayo haikuwahi kuwapo. LocalDate ya Java ina njia ya kuuliza siku fulani inaanza saa ngapi mahali fulani, na kwa siku hiyo ya São Paulo inajibu: saa saba.

7. Je, wajua kwamba Samoa haikuwa na 30 Desemba 2011? Nchi ilihamia upande wa pili wa mstari wa tarehe wa kimataifa. Watu wakalala Alhamisi tarehe 29 na kuamka Jumamosi tarehe 31. Kwenye kalenda tupu Ijumaa hiyo ipo, lakini kwa saa za Samoa haipo. Lugha nzuri lazima iweze kutoa majibu yote mawili.

8. Je, wajua kwamba kila usiku, kwa muda wa saa moja, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo huwa na tarehe mbili? Lubumbashi iko saa mbili mbele ya UTC na Kinshasa saa moja. Saa sita na nusu usiku Lubumbashi wameshaingia tarehe mpya, Kinshasa bado ni jana. Ripoti ya mauzo ya leo kwa nchi nzima haina maana mpaka useme leo ya wapi.

9. Je, wajua kwamba Nairobi iliwahi kuwa mbele ya UTC kwa saa mbili na dakika 45? Ilikuwa hivyo hadi mwisho wa Julai 1942, na kumbukumbu hiyo imo ndani ya hifadhidata ya majira ya saa iliyoanzishwa na Arthur David Olson, ambayo simu na seva nyingi duniani huitegemea. Programu inayotoa saa tatu kwa kila tarehe ya Kenya itakosea ikifika enzi hizo.

10. Je, wajua kwamba Python ilikuwa ikiiona saa sita ya usiku kuwa si kitu? Kabla ya toleo la 3.5 la mwaka 2015, saa 00:00 kwa UTC ilihesabiwa kuwa uongo katika masharti ya programu. Ukiuliza kama mtumiaji amejaza saa, naye amejaza saa sita kamili ya usiku, jibu lilikuwa hajajaza.

MWEZI MMOJA NI SIKU NGAPI?

11. Je, wajua kwamba ukiuliza 31 Januari 2025 ukiongeza mwezi mmoja ni lini, lugha hazikubaliani? Java na Ruby zinasema 28 Februari. PHP inasema 3 Machi. C++ ya mwaka 2020 inakupa 31 Februari kama ilivyo na kukuachia mwenyewe kuuliza kama tarehe hiyo ni halali. Ukiuliza, inakwambia hapana. Temporal ya JavaScript inakuachia uchague: irudi hadi mwisho wa mwezi, au ikatae. Njia hii ya mwisho ndiyo ya kiungwana zaidi, kwa sababu anayejua mkataba wa mkopo unasemaje ni mwandishi wa programu, na lugha haina namna ya kuujua.

12. Je, wajua kwamba mwezi na mwezi si lazima iwe miezi miwili? Katika Java, 31 Januari 2025 ukiongeza mwezi unapata 28 Februari, ukiongeza tena mwezi unapata 28 Machi. Ukiongeza miezi miwili kwa mpigo unapata 31 Machi. Mfumo wa kodi ya nyumba unaotafuta tarehe ijayo kutoka tarehe iliyopita utateleza hadi 28 na hautapanda tena. Dawa ni kurudi kila mara kwenye tarehe ya mkataba na kuongeza mwezi 1, 2, 3 na kuendelea.

13. Je, wajua kwamba Python ilikwepa ubishi huo wote? Aina yake ya muda hukubali wiki, siku, saa na vipande vyake, lakini haina mwezi wala mwaka. Asiyetaja mwezi hakosei mwezi!

14. Je, wajua kwamba mwaka mrefu uliwahi kuangusha huduma kubwa ya Microsoft? Tarehe 29 Februari 2012, mfumo wa Azure ulikuwa ukitengeneza vyeti vya usalama vya kudumu mwaka mmoja. Tarehe ya mwisho ilipatikana kwa kuongeza 1 kwenye mwaka na kuacha mengine yalivyo. Ikatoka 29 Februari 2013, siku isiyokuwapo. Vyeti vikashindwa kutengenezwa, mashine zikashindwa kuanza, na huduma ikayumba kwa saa nyingi.

15. Je, wajua kwamba tarehe 31 Desemba 2008 vichezesha muziki vya Zune vya gigabaiti 30 viliganda vyote kwa pamoja? Ndani yake kulikuwa na kipande cha programu kilichotafuta mwaka kutokana na idadi ya siku. Kilisema: maadamu siku zimezidi 365, endelea kupunguza; kama mwaka ni mrefu, punguza 366, lakini tu ikiwa siku zimezidi 366. Siku ya mwisho ya 2008 ilikuwa ya 366 barabara. Imezidi 365, kwa hiyo kitanzi kinaendelea. Haijazidi 366, kwa hiyo hakuna kinachopunguzwa. Kikazunguka bila kutoka. Ushauri rasmi ulikuwa acha betri iishe, subiri mwaka mpya, kisha chaji.

KUANZIA LINI HADI LINI?

16. Je, wajua kwamba kuna waraka mzima kuhusu wapi pa kukomea? Mwaka 1982, Edsger Dijkstra, mwanasayansi wa kompyuta kutoka Uholanzi, aliandika kwa mkono waraka namba EWD831. Alipendekeza mfululizo uandikwe kwa kujumuisha mwanzo na kuacha mwisho nje. Sababu zake zinafaa tarehe kana kwamba alizilenga: ukitoa mwanzo kwenye mwisho unapata urefu kamili, na vipindi viwili vinavyofuatana hushikana mahali pamoja bila pengo wala mgongano.

17. Je, wajua kwamba hoteli zimekuwa zikifanya hivyo siku zote? Mgeni wa 10 hadi 13 Agosti analala siku tatu, na chumba kinakuwa tayari kwa mwingine tarehe 13 hiyo hiyo. Hifadhidata ya PostgreSQL ina aina ya kipindi cha tarehe, daterange, tangu toleo la 9.2 la mwaka 2012. Ukiandika Julai nzima, tarehe 1 hadi 31 zikiwemo zote, yenyewe inaigeuza kuwa [2025-07-01,2025-08-01): mabano ya mraba maana yake siku hiyo imo, ya duara maana yake haimo. Unaweza pia kuweka sharti kwamba vipindi viwili vya chumba kimoja visigongane. Karani akijaribu kumpangia mgeni wa pili kuanzia tarehe 12, hifadhidata inakataa. Akijaribu 13, inapokea.

18. Je, wajua kwamba BETWEEN ya SQL hujumuisha ncha zote mbili, na hapo ndipo ripoti nyingi za mwezi hupungua? Kama safu ina tarehe tupu, 1 hadi 31 Januari ni sawa kabisa. Kama ina tarehe na saa, 31 Januari husomwa kuwa saa sita kamili ya usiku inapoanza siku hiyo. Mauzo yote ya tarehe 31 baada ya hapo yanabaki nje. Ni salama zaidi kuandika: kuanzia 1 Januari, kabla ya 1 Februari.

19. Je, wajua kwamba wanaojaribu kukwepa mtego huo kwa kuandika mwisho wa siku kuwa 23:59:59.999 huangukia mwingine? Aina ya datetime ya SQL Server haina usahihi huo. Huikadiria .999 kwenda juu, na unajikuta saa sita kamili ya siku inayofuata. Mauzo ya Februari yaliyoandikwa saa sita kamili yanaingia Januari.

20. Je, wajua kwamba Ruby inatofautisha kwa nukta moja tu? Tarehe mbili zenye nukta mbili katikati zinajumuisha mwisho. Zikiwa na nukta tatu, mwisho unaachwa. Ukiomba siku ya -1 ya Februari, Ruby inakupa siku ya mwisho ya mwezi huo, iwe 28 au 29.

21. Je, wajua kwamba vipindi viwili vinaweza kuhusiana kwa namna 13 hasa? James F. Allen alizichambua mwaka 1983: kimoja kutangulia kingine, kugusana, kupishana, kuwa ndani ya kingine, kuanza pamoja, kuisha pamoja, kulingana, na kinyume cha kila moja isipokuwa kulingana. Lugha inayokupa alama ya kulinganisha tarehe mbili tu inakuachia wewe kazi ya kuzijenga zote 13.

22. Je, wajua kwamba likizo huhesabiwa tofauti na hoteli? Sheria ya kazi ya Tanzania ya mwaka 2004 inatoa angalau siku 28 mfululizo, sikukuu zikiwa ndani yake. Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 inatoa angalau siku 21 za kazi. Likizo ya 1 hadi 28 Septemba ni siku 28, lakini ukitoa 1 kwenye 28 unapata 27. Kwa hiyo ndani ya programu hifadhi mwisho ulioachwa nje, 29 Septemba, na kwenye fomu ya mfanyakazi onyesha 28. Hesabu ya Kenya haitoshelezwi na kutoa namba peke yake: inataka orodha ya sikukuu na wikiendi.

KALENDA NA HISTORIA ZAKE

23. Je, wajua kwamba Ruby inakana kuwapo kwa 10 Oktoba 1582, ilhali Python inaikubali? Papa Gregori wa 13 aliporekebisha kalenda, Alhamisi 4 Oktoba mwaka huo ilifuatwa na Ijumaa 15 Oktoba. Ruby inafuata historia. Python inairefusha kalenda ya sasa kwenda nyuma kana kwamba ilikuwapo siku zote. Uingereza iliruka mwaka 1752, na ndiyo maana aina ya datetime ya SQL Server huanzia 1 Januari 1753.

24. Je, wajua kwamba 30 Februari iliwahi kutokea kweli? Ilikuwa Sweden, mwaka 1712, katika kujikwamua kutoka kwenye mpango wa kubadili kalenda polepole uliowashinda.

25. Je, wajua kwamba Excel inaamini 1900 ulikuwa mwaka mrefu? Haukuwa, kwa sababu mwaka wa karne lazima ugawanyike kwa 400. Kosa lilikuwa kwenye programu ya majedwali ya Lotus 1-2-3, na Excel ikalichukua makusudi ili majedwali ya Lotus yafunguke bila matatizo. Mpaka leo, siku ya 60 ya Excel ni 29 Februari 1900.

26. Je, wajua kwamba wanasayansi walibadilisha majina ya jeni kwa sababu ya tarehe? Jeni SEPT1 na MARCH1 ziliandikwa kwenye Excel, nayo ikazigeuza kuwa 1 Septemba na 1 Machi. Mwaka 2020 kamati ya majina ya jeni za binadamu ilitangaza majina mapya: SEPTIN1 na MARCHF1.

27. Je, wajua kwamba herufi kubwa inaweza kukurusha mwaka mzima? Katika mpangilio wa tarehe wa Java, yyyy ni mwaka wa kawaida na YYYY ni mwaka wa kuhesabu wiki. Jumatatu 29 Desemba 2025 imo katika wiki ya kwanza ya 2026, kwa hiyo YYYY inaiandika 29 Desemba 2026. Kosa la aina hii hulala mwaka mzima na kuamka kwenye wiki ya sikukuu, mafundi wakiwa mapumzikoni.

28. Je, wajua kwamba Java ina kalenda ya Hijria ndani yake? Inafuata hesabu ya Umm al-Qura ya Saudi Arabia. Lakini Idd ya Tanzania na Kenya hungoja mwezi uandame na viongozi watangaze, hivyo hakuna fomula ya kuipata mapema kwa uhakika. Mfumo wa mishahara unapaswa kuweka sikukuu hizo kwenye jedwali linaloweza kurekebishwa usiku huo huo.

29. Je, wajua kwamba majirani zetu wa Ethiopia wana miezi 13, wa mwisho ukiwa na siku 5 au 6? Programu yenye orodha ya kuchagua miezi 12 haiwafai. Temporal huupa kila mwezi alama yake, na kwa kalenda ya Ethiopia alama hizo hufika M13.

30. Je, wajua kila lugha inaishia wapi? Python: mwaka 9999. JavaScript: 13 Septemba 275760. LocalDate ya Java: mwaka 999,999,999. Lakini mifumo ya zamani inayohesabu sekunde tangu 1970 kwa namba ya biti 32 itafika mwisho 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki.

PIMA MFUMO WA OFISINI KWAKO

Jaribu mambo manne. Ingiza 29 Februari 2027: unapaswa kukataliwa. Tengeneza malipo ya kila mwezi kuanzia 31 Januari, kisha tazama tarehe ya Machi: ikiwa 28, mfumo unateleza. Omba ripoti ya siku moja, kuanzia leo hadi leo: ikirudi tupu ilhali mmeuza, ncha ya mwisho ina kasoro. Halafu hifadhi tarehe ya kuzaliwa, badilisha majira ya saa ya kompyuta yawe ya New York, na uifungue tena: ikisogea, mfumo umeigeuza tarehe kuwa saa. Utakaofaulu yote manne, mwandishi wake mnunulieni chai. Ukifeli hata moja, mwandikieni leo, na msisahau kuweka tarehe: mwaka, mwezi, siku.